Baba Anaumwa Kidogo

…anamwulizia, imeandikwa anamwulizia, haikuandikwa kitu kingine chochote, Anselim akaisoma tena, mara ya nne sasa, kiganja amekikinga juu ya simu maana jua la saa saba linapiga moja kwa moja kwenye jiwe na herufi zinafifia, Anselim mko wapi, mzee anamwulizia Venance tangu asubuhi, daktari amesema aitwe, fanyeni haraka mwanangu, basi, hakuna zaidi, na aliyeandika ni baba mdogo Beatus, mdogo wake Mzee Dionisi, baba yake Venance, mtu ambaye ujumbe mmoja humchukua robo saa na kuazima miwani ya jirani, na muda wa kutumwa uko pale pembeni, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, saa tatu walikuwa wapi, saa tatu walikuwa kwenye ule mpando wa mizizi, mtandao hakuna, Venance anaimba mbele kama kwaya nzima imo tumboni mwake, na ujumbe ulikuwa unamtafuta Anselim huko chini, umemtafuta karibu saa nne mpaka umempata hapa, kichwani mwa maporomoko, ambapo Lukelo, mwongozaji wa hifadhi, alisema karibu na ule mti huwa inashika vimistari viwili, na wote wakakimbilia simu zao wakicheka, isipokuwa Venance, Venance simu ameiacha ndani ya gari, niko likizo, alisema, anayenitaka anisubiri… anayenitaka anisubiri, Mungu wangu. "Anselim, moja au mawili?" Venance anamenya mayai, amekaa miguu imetawanyika, chumvi kaifungua kwenye kipande cha gazeti, maganda anayatia mfukoni kwa sababu Lukelo ameshawaonya mara mbili kuhusu uchafu, na mdomo wa Anselim ukajibu mawili, ukajibu wenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye njaa, na yeye akabaki akiushangaa, maana mdomo huo ndio umefanya kazi hiyo tangu asubuhi, kujibu, kucheka, kusema tupumzike kidogo, kusema aisee mandhari, na wakati wote huo nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine kimya anayechimba kaburi. Maana alishamzika. Hilo ndilo lisilomwachia, kwamba Mzee Dionisi alikuwa hai saa tatu na dakika kumi na mbili, anaulizia, ana sauti ya kuulizia, na yeye Anselim saa hiyohiyo alikuwa ameshamvalisha suti ile ya bluu ya kipaimara cha binti yake Marsiana, ameshachagua wa kubeba jeneza, yeye mbele kushoto, Venance mbele kulia, ameshaamua turubai lifungwe upande wa uani kwa sababu mbele kuna ile karakana yake ya baiskeli na vyuma vyake, ameshasikia padri akikosea jina la ukoo kama anavyolikosea siku zote, na kila hatua aliyopanda alikuwa anamtupia udongo mtu anayepumua.

Lakini nani asingeelewa vile, nani, alete mtu mmoja wa bonde zima hili kutoka Kidatu mpaka Lupiro ng'ambo, amwambie maneno yale aone ataelewa nini, walikuwa pale getini saa moja na nusu, Lukelo anaandika majina kwenye daftari, Happyness anajirekodi na kofia yake, Venance ameingia chooni, simu ikaita, baba mdogo Beatus, na sauti ile, ile sauti ya chini ya mtu aliyetoka nje ya chumba ili azungumze, Anselim mwanangu, mmeamkaje, mko wapi saa hizi, sasa sikiliza, mzee hali yake imebadilika kidogo usiku, tuko hospitali, mlete mwenzako nyumbani, lakini usimwambie kitu, mwambie tu baba anaumwa kidogo. Baba anaumwa kidogo. Kuna mtu asiyejua maana yake? Hakuna anayetangaziwa msiba kwenye simu katika nchi hii, ukiwa mbali na mzazi wako akifa basi anapigiwa mwenzako, jirani yako, bosi wako, na huyo ndiye anayekwambia twende nyumbani, baba anaumwa kidogo, na wewe unapanda gari huku unajua na hujui, unaomba iwe kidogo kweli, mpaka ukifika pale kona ukaona mabenchi nje, na hapo tena huambiwi, unapokelewa tu. Na nyuma ya sauti ya baba mdogo zilisikika sauti za akina mama, Anselim alizisikia vizuri, zinapanda na kushuka, sasa hospitali asubuhi akina mama si wapo siku zote, wanaleta uji, wanagombana na mlinzi, wanaitana, lakini yeye akasikia kilio, akasema pole sana, baba mdogo, na baba mdogo akasema asante mwanangu, na hiyo ikapiga muhuri, ingawa pole hupewa hata mtu mwenye mafua… kwa nini hakuuliza, neno moja tu, yuko hai? Lakini hilo neno halina mlango wa kutokea, ulimi unakataa, kuuliza yuko hai ni kama kumfukuza, mkubwa anakwambia anaumwa kidogo na wewe unamwuliza amekufa, ungeonekana umelelewa na nani? Amelelewa na nani. Na huyohuyo Mzee Dionisi, ndiyo maana.

"Huyu leo kawa mpole jamani," Happyness anasema, simu mkononi, anamwelekezea Anselim kioo, "tangu getini nimemwona, kanibebea begi mimi, kambebea Venance begi, ng'wanawane, mwanangu, huyu anatafuta kura au vipi?" na Aikande, rafiki yake aliyekuja naye, anacheka kile kicheko chake cha puani, amelowesha miguu kwenye maji pale pembeni, suruali ameikunja mpaka magotini, na Venance anasema mwacheni, mtu akiwa na wageni wa Machame lazima aonyeshe ubinadamu, na wote wanacheka, na Anselim anacheka, ndiyo, alibeba begi la Venance, kweli, alibeba kwa moyo wote, alitembea na mabegi mawili kifuani na mgongoni kama punda wa Kilosa akijiona mtu mwema, mtu mwema kabisa, akampa maji yake, akacheka vichekesho vyake vyote hata vile vya darasa la sita, akamwacha atangulie kila penye mwanya wa kuona bonde, akisema moyoni afurahi, mwacheni afurahi, ni saa zake za mwisho za kuwa mtoto wa mtu, na ilikuwa tamu, hilo nalo liandikwe, huruma ile ilikuwa tamu, alijiona mkubwa kuliko wenzake wote pale njiani kwa sababu yeye peke yake alijua. Mara moja tu aliteleza, pale walipopumzika kwenye gogo na wakatazama chini, mashamba ya miwa upande huu yamepangwa kama mkeka, na kule mbali mpunga uliovunwa na ule mto unaometameta, yeye akasema mzee alikuwa anapenda sana kutazama huku milimani asubuhi, na Venance akageuka, alikuwa? kwani sasa hivi kaacha? na wakacheka, Venance akacheka kuliko wote, akasema yule mzee hata leo ukimkuta anafunga cheni ya baiskeli macho yako mlimani, ndiyo maana cheni zake hukatika, na Anselim alitazama viatu vyake akasema ndiyo, bado anapenda. Na jana usiku mzee alisema kichwa kinamwuma, Venance mwenyewe alisema wakiwa wanapakia maji kwenye gari, nimwache kweli? na mzee kutoka ndani akafoka nendeni huko, mimi nilikuwa naumwa kichwa kabla hujazaliwa, na aliyesema twende, mzee kasema twende, alikuwa nani? Anselim. Alikuwa Anselim, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni.

Soda ya machungwa. Kila akifumba macho anaiona, ya chupa, ya Kiberege, na kama asingeinywa soda ile labda asingefanya hili, alikuwa kidato cha pili, bweni, ilikuwa hesabu kipindi cha tatu, akaitwa ofisini akamkuta Mzee Dionisi amevaa shati la kanisani siku ya Jumatano, shikamoo, marahaba, baba yako anaumwa kidogo, tumeona ukamwone, chukua sweta, na kwenye basi mzee akampa kiti cha dirishani, akaanza kusimulia habari ya kiboko aliyekula tandiko la baiskeli ya mwalimu enzi za pantoni, kabla ya daraja, jinsi mwalimu alivyompeleka kiboko kwa mtendaji kumshtaki, na pale Kiberege basi liliposimama akashuka akarudi na soda mbili na mihogo ya kukaanga, kunywa mwanangu, na Anselim akanywa, na mzee akafika pale ambapo mtendaji anamwandikia kiboko barua ya wito, na Anselim akacheka mpaka soda ikamtokea puani, akacheka na baba yake yuko kwenye jeneza tangu alfajiri, akacheka mpaka jirani yao kwenye kiti akacheka naye, halafu Mlabani, mtaani kwao, kona, mabenchi. Hakuwahi kujua ampe mzee shukrani au amchukie. Miaka kumi na tisa. Kila msiba alipomwona mzee amekaa na akina baba wengine alitaka kumwuliza uliweza vipi, ulitoa wapi kile kiboko, na wewe umetoka kumwosha rafiki yako? Lakini hakuuliza, na leo asubuhi pale getini, simu bado ina joto mkononi, aliamua kwa ghafla kwamba alikuwa anashukuru, kwamba ile soda ilikuwa zawadi, saa mbili zaidi za kuwa na baba, na kwamba sasa ni zamu yake, atampa Venance soda yake, siku nzima, mlima mzima. Alijisikia hata machozi. Akajiambia maiti haina haraka, Marsiana lazima atoke Mbeya kwanza, kuzika ni kesho kutwa, akipanda atashuka, atajua jioni badala ya asubuhi, kuna ubaya gani? Aliyapanga yote hayo kabla Venance hajamaliza kufunga mkanda wake akitoka chooni, vipi, nani huyo aliyekupigia, na Anselim akasema wa kazini, hawa watu hawajui likizo.

Uongo. Si wa kazini, hiyo ni moja, lakini uongo wenyewe si huo, uongo ni hiyo soda, na hapa juu ya jiwe, maji yanaunguruma chini yao kiasi kwamba mtu lazima apaze sauti kumwomba mwenzake chumvi, hapa Anselim anaweza kuufikia kwa sababu hakuna tena pa kupanda. Jambo la kwanza lililomjia Anselim, baba mdogo alipokata simu, halikuwa mzee. Halikuwa Venance. Lilikuwa, leo? Kwa nini leo jamani? Ndivyo alivyosema moyoni, kwa neno hilo, kama mtu aliyenyeshewa mvua siku ya harusi, kwa sababu Aikande anaondoka kesho na basi la asubuhi, kwa sababu ni tangu Pasaka anaipanga safari hii, tangu kule Dodoma ofisini alipomwambia kwetu kuna milima naye akasema kwetu pia, tena yetu ina barafu, na akacheka kwa puani, na hatimaye akakubali kuja na Happyness kama shahidi, siku tatu, na nyumbani alisalimia kila mtu shikamoo mpaka mlevi wa pale kilabuni, akaingia jikoni bila kuitwa, mama akasema pembeni huyu usimlegezee, na Anselim alikuwa amejipa siku moja, hii, na mahali pamoja, hapa, amwambie anataka kutuma wazee Machame, ayaseme kwenye maji kwa sababu kwenye maji mtu hasikiki na wengine na kama akikataa hakuna atakayejua. Basi. Ndiyo soda hiyo. Rafiki yake wa tangu darasa la kwanza amefiwa, alidhani amefiwa, na yeye akahesabu basi la Aikande. Halafu akaivisha joho ile hesabu, akaiita huruma, akaibebea begi. Na kumwambia hata hajamwambia! Saa nzima wamekaa hapa na kila akimtazama Aikande anaona mabenchi, Aikande mwenyewe ameshamwuliza mara mbili una nini, umechoka? na yeye kasema nimechoka.

"Lete mguu huo nikuone," Happyness anamwambia Venance, "tangu kule kwenye ngazi unachechemea unajidai mwanaume," na Venance anauficha mguu nyuma, lengelenge dogo tu, na Happyness anasema haya, ficha, mficha maradhi kifo humuumbua, na Lukelo anacheka, na Aikande anacheka. Wangegeuka saa moja na nusu, pale getini, gari bado lina joto, kutoka pale mpaka nyumbani Ifakara ni mwendo gani, tuseme saa moja, tuseme saa moja na robo kwa yale mashimo, saa tatu kasorobo wangekuwa wanaegesha, saa tatu na dakika kumi na mbili, wakati baba mdogo anatafuta miwani, Venance angekuwa amesimama kando ya kitanda na mzee asingekuwa na mtu wa kumwulizia. Asingeulizia. Ujumbe huu usingekuwepo duniani. Sasa kushuka ni saa mbili na nusu, saa mbili kwa kukimbia, na lengelenge, na gari, hiyo ni saa kumi na moja, na kila yai linalomenywa ni dakika mbili, na bado amekaa. Kwa nini amekaa? Kwa sababu anaweza kufuta. Kidole kiko hapohapo, kibonye kidogo tu, futa, na akasema mtandao haukuwepo, nani atabisha, kila mtu anajua milimani hakuna mtandao, baba mdogo mwenyewe atasema tulijua tu mtandao ndio uliwakwamisha, na ile simu ya getini, atasema sikusikia vizuri, ilikuwa inakatakata, nilisikia kidogo, nikajua ni kidogo. Bonde zima litaamini. Venance ataamini kwanza kuliko wote, atamshika bega, si kosa lako ndugu yangu, na Anselim ataishi na mkono huo begani mpaka afe. Akaondoa kidole. Basi apige, ampigie baba mdogo sasa hivi, vimistari bado viwili, aulize, lakini anaogopa, maana asipopiga mzee bado anaulizia, bado ana macho yanayotazama mlangoni, na akipiga huenda akasikia ile sauti ya chini tena, na kwani atajuaje, hata ujumbe wenyewe, labda saa tatu na dakika kumi na mbili mzee alikuwa ameshakwisha, labda anamwulizia ni fimbo tu ya kuwaharakisha watu waliochelewa maziko, ndivyo watu wazima wanavyofanya, wakiona anaumwa kidogo haikutosha wanaongeza, na kama ndivyo basi alikuwa sahihi tangu mwanzo, maiti haina haraka, hana kosa… na hapo Anselim akajikamata. Akajikamata anaomba. Kwa sekunde moja, juu ya jiwe hili, alikuwa anaomba mzee awe amekufa tangu alfajiri, ili yeye asiwe na kosa. Mtu aliyemlisha mihogo.

Akakaa na hilo. Maji yalikuwa yakiunguruma, Venance alikuwa amemaliza yai la tatu na anatafuta la nne kwenye mfuko, na hakuna kilichobadilika pale isipokuwa kwamba Anselim aliacha kuhesabu. Kwa sababu haijalishi tena, hai au si hai, mizani ni ileile, aliiona vizuri kama anavyoliona lile treni la reli ya Tazara linalotambaa huko chini, dogo, halina sauti. Mzee Dionisi alimficha, ndiyo, alimdanganya kwa soda na kiboko, lakini kila neno la ule uongo lilikuwa ndani ya basi, na basi lilikuwa linakwenda nyumbani. Hakuna hata hatua moja ambayo yule mzee alimsogeza mbali na baba yake. Alimficha huku akimpeleka. Na mimi nimemficha nikimpandisha, nimemshika mkono kwenye mawe nikimpandisha, mwendo wa saa nne kinyume, nikimwambia tazama uzuri. Hilo ndilo hakulijua miaka kumi na tisa, alidhani wema wa siku ile ulikuwa kwenye soda, kumbe soda ilikuwa ya njiani tu. Na sasa atamwambia nini? Akisema tushuke, Lukelo kasema mvua inakuja, ni kumwiba tena, saa nyingine mbili na nusu. Akisema Venance, baba anaumwa kidogo, hapa, kwenye jiwe lenye utelezi, hatua tatu kutoka pale maji yanapoangukia, Venance atasikia kilekile alichokisikia yeye getini, atapiga yowe, maana naye amelelewa na haohao. Akisema yuko hai, nani husema yuko hai? Anayeambiwa baba yako yuko hai anajua hapohapo kwamba kuna watu wamekaa wakilijadili hilo. Wote huku wamejifunza maneno ya kupokelea msiba, mazuri, laini, yamesuguliwa na wazee mpaka hayana kona, na hakuna hata moja linaloweza kumwambia mtu kwamba baba yako mgonjwa, kweli mgonjwa tu, kimbia. Yatabidi yasemwe bila nguo. Anakuita. Tangu asubuhi. Nilijua getini nikanyamaza. Na simu ni hii, hapa panashika, piga mwenyewe, atakayesema neno la kwanza aliseme kwenye sikio lako na si langu, mimi nimeshakaa na baba yako muda ambao haukuwa wangu. Na Aikande yupo, atasikia, Happyness atasikia na simu yake inarekodi, Lukelo atasikia, na hakuna wazee watakaotumwa Machame baada ya hapo, au watatumwa, hajui, ajabu ni kwamba alipolifikia hilo halikumwuma, lilipita tu kama jina la kituo ambacho hushuki.

"Nimekumenyea, shika basi, linapoa," Venance anasema, mkono umenyooshwa, yai jeupe juu ya vidole vinavyong'aa chumvi, uso umejaa jua, uso wa mtu ambaye hana shida hata moja duniani isipokuwa lengelenge, na Anselim hakushika, alisimama, akasogea mpaka kivuli chake kikamfika Venance magotini, akasema. Alisema yote, kwa mpangilio aliokuwa ameuweka, anakuita, tangu asubuhi, nilijua, akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuyasema kwa sauti nyingine. Maji yakayabeba. Venance akakunja uso, bado anatabasamu, akaweka kiganja nyuma ya sikio, "Ati? Unasemaje?" na Aikande akageuka kule majini atazame kuna nini, na Happyness akashusha simu, na Lukelo naye akainua kichwa, wote wanne wanamtazama wakisubiri arudie, na Anselim akajua kwamba hapa haitawezekana kunong'ona, akavuta pumzi mpaka mwisho wa kifua, akapiga kelele:

"Baba yako anakuita, Venance! Nimejua tangu asubuhi!"